Ukoo wa Bibi, Igoma

*Mama Kulwa* 20:14
Jamani, nipo hospitalini na Kulwa. Mashine ya kuchuna ngozi ya sangara imemvuta mkono wa kulia. Kidole cha shahada kimekatika kwenye pingili ya kati, cha jirani yake kimechanika. Damu imesimama. Mtuombee.

*Mjomba Nyakato* 20:16
Uuuwi. Pole dada. Glavu hakuvaa?

*Mama Kulwa* 20:17
Alivaa, ndiyo iliyomponza. Roli ilinasa glavu, kidole kikafuata.

*Shangazi Ukerewe* 20:19
Hicho ni kijicho. Nilisema tangu alipopata hiyo kazi.

*Doto* 20:20
Shikamoo shangazi. Sawa, kijicho, ila kifuniko cha ile mashine kilitolewa tangu Pasaka ili iwe rahisi kuosha. Kimeegemezwa ukutani, kila zamu tunapishana nacho.

*Shangazi Ukerewe* 20:21
Marahaba mwanangu. Basi na kifuniko nacho.

*Dada Nesi* 20:26
Mama mkubwa, kile kipande kiko wapi?

*Mama Kulwa* 20:28
Wenzake walikifukia kwenye barafu ya samaki wakaja nacho. Daktari amekitazama akatikisa kichwa.

*Dada Nesi* 20:33
Ooh. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja inaiunguza. Kinafungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kinatiwa kwenye mfuko wa nailoni usioingiza maji, ndipo mfuko unawekwa juu ya barafu. Hata hivyo, kilichosagwa na roli kurudishia ni kazi, msiwalaumu hao vijana. Doto, waambie wenzako kesho. Mnashinda kwenye barafu kutwa nzima na hakuna aliyewahi kuwafundisha hili!

*Doto* 20:34
Sawa dada 😔

*Mama Kulwa* 20:39
Meneja alikuja. Ameacha laki na nusu na karatasi, anataka Kulwa aweke sahihi kwamba wamemalizana.

*Baba Mdogo* 20:40
SHEMEJI ASISAINI

*Baba Mdogo* 20:47
Samahani kwa herufi kubwa. Nimekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi miaka mingi, karatasi hizo nazijua. Laki na nusu ni pole, pokeeni. Fidia ni kitu kingine, inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri peke yake. Mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa huko ndani ya siku 7. Familia dai lenu lina miezi 12, lakini msilale, maana hicho kifuniko kesho mtakikuta kimefungwa kwa bolti mpya zinang'aa. Doto, una picha yake?

*Doto* 20:48
Ninayo. Nilijipiga selfi Jumamosi, kinaonekana nyuma yangu 😅

*Baba Mdogo* 20:49
Selfi zako leo zina faida. Usiifute. Andika pia saa, zamu na majina ya waliokuwepo.

*Mjomba Nyakato* 20:52
Meneja si atasema uzembe? Alikuwa anaosha mashine inazunguka.

*Baba Mdogo* 20:55
Aseme. Fidia haisubiri kujua nani mzembe, labda angejiumiza makusudi. Na aliyewaambia waoshe bila kuzima ni nani? Ukizima, uzalishaji unasimama, hapo ndipo ilipo siri.

*Mjomba Nyakato* 20:56
Lakini yeye ni kibarua tu.

*Baba Mdogo* 20:59
Kibarua naye ni mfanyakazi. Matibabu yanalipwa na mfuko. Akiwa nyumbani anajiuguza anapata asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Akishapona daktari anapima ulemavu: asilimia 30 kushuka chini analipwa kwa mkupuo, ikizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kwa kidole kimoja msianze kuota pensheni.

*Shangazi Ukerewe* 21:01
Na harusi ya Novemba? Pete anavishwa mkono gani?

*Dada Nesi* 21:02
Shangazi 🙆🏾‍♀️ Kushoto.

*Shangazi Ukerewe* 21:02
Alhamdulillah.

*Kulwa* 21:10
Shikamooni wakubwa. Naandika kwa kushoto mnisamehe makosa. Sijasaini. Meneja alitoa kidau cha wino niweke dole gumba. Nikamwambia la kulia limefungwa bandeji, la kushoto halijasoma karatasi.