Mjadala: Masafa ya simu Uganda, kampuni mbili zinatosha?

Mwanzisha mada, Mbale

Ndugu zangu, mwaka 2010 nilikuwa natembea na laini nne. Simu yenyewe ilikuwa ya laini moja, kwa hiyo kila nikitaka kumpigia mtu natoa betri, nachomoa, nachomeka. Usumbufu, lakini kila kampuni ilikuwa inanibembeleza. Warid ilikuwa imeingia 2008 na ofa yake ya Pakalast, vijana wa vyuo wanaongea usiku kucha mpaka sikio linapata moto. Orange ilikuwa imekuja 2009. Bei zikashuka kila mtu akipigania mteja.

Leo nina simu ya laini mbili na zinanitosha, kwa sababu hakuna ya tatu ya kutafuta. Warid ilinunuliwa na Airtel 2013. Orange ikauzwa 2014 ikawa Africell, na tarehe 7 Oktoba 2021 Africell ikafunga shughuli. UTL, mrithi wa shirika la posta na simu, iliwekwa chini ya msimamizi 2017, na sasa serikali inajaribu tena kwa jina la UTCL. Wadogo wengine wapo, lakini soko lenyewe ni la MTN na Airtel.

Hoja yangu ni hii. Masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba simu, si shamba la mtu. Ni mali ya umma, UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, inayagawa kwa leseni na kutoza ada. Sasa, anayepewa masafa ya nchi nzima na kuyatumia mijini tu, kwa nini asinyang'anywe yale ya kule asikofika, apewe mwingine? Nasema wilaya kwa wilaya. Kushika hewa ya Karamoja kwa karatasi iliyoko kwenye kabati la Kampala si kutumia. Mnasemaje?

Mzee wa Malaba

Kijana, wingi wa kampuni si dawa. Hapa mpakani simu inashika Uganda ukiwa sebuleni na Kenya ukienda jikoni. Kule ng'ambo Safaricom imewaacha wenzake mbali miaka yote, na bado watu wanapiga simu na biashara inakwenda. Bei ya kupiga kuvuka mpaka ilishuka lini? Baada ya serikali za Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini kukubaliana mwishoni mwa 2014 kuweka kikomo. Hakukuwa na kampuni mpya hapo. Serikali iliamua, basi.

Fundi mitambo, Ntinda

Mwanzisha mada, shikamoo kwa hoja, lakini unazungumzia masafa kama magunia ya mahindi, kwamba gunia ni gunia. Hayafanani.

Masafa ya chini, megahazi 700, 800, 900, ni kama ngoma kubwa: ikipigwa kijiji cha pili wanaisikia, na ukuta hauizuii sana. Ya juu, 2100 au 2600, ni kama filimbi. Yanabeba data nyingi panapokuwa na watu wengi karibu, ila hayaendi mbali. Kufunika wilaya yenye milima kama Bundibugyo kwa 2600 unahitaji minara mingi kuliko ungetumia 800, na kila mnara ni barabara ya kuufikia, mlinzi, umeme, mafuta. Ukimpa mgeni 2600 peke yake umempa filimbi akashindane na ngoma. Akifa mnasema hana akili ya biashara.

Kwa hiyo swali la kuiuliza UCC si "nani ana masafa mangapi". Ni nani anashika yale ya chini, hasa yaliyoachwa na televisheni tulipohama analogi mwaka 2015. Nchi nyingi zinaweka ukomo: huwezi kushika zaidi ya kiasi fulani cha masafa ya chini hata ukiwa na pesa za kujenga ghorofa la dhahabu.

Lakini, na hapa ndipo sikubaliani nawe, masafa hayapendi kukatwa vipande vidogo. Njia ya 4G yenye upana wa megahazi 20 inapitisha karibu mara nne ya ile ya 5. Ukiwagawia watu watano vipandevipande, wote watano watakuwa wa polepole. Kuna bei ya ushindani na watu hawaisemi.

Afande mstaafu, Arua

Mimi naona mnazunguka. Pigeni mnada! Anayelipa zaidi achukue. Uingereza mwaka 2000 waliuza masafa ya 3G kwa pauni bilioni 22 na ushee. Sisi hapa tunakaa mezani tunajadiliana. Leseni ya MTN ya mwaka 2020 ilikuwa dola milioni 100 kwa miaka 12. Mnada ungeleta ngapi?

Fundi mitambo, Ntinda

Afande, kwa heshima zote, hizo pauni ziliwaacha baadhi ya walioshinda na madeni makubwa, na ujenzi wa 3G Ulaya ukachelewa. Mnada ni mzuri pale wanunuzi ni wengi. Hapa wangeingia ukumbini wawili, wanajuana. Mnada wa watu wawili ni maongezi tu yenye nyundo mezani.

Hata hivyo nakubali kugawa mezani kuna hatari yake. India mwaka 2008 waligawa kwa "aliyetangulia kufika", na 2012 Mahakama ya Juu ikafuta leseni 122. Nadhani cha maana ni masharti. Leseni hiyo ya MTN iliweka lengo la kufunika asilimia 90 ya eneo la nchi ndani ya miaka mitano. Eneo, si watu. Hilo ni zito kuliko mnada, kwa sababu ukifunika watu unaweza kumaliza kazi bila kuigusa nusu ya kaskazini.

Mama Wakala, Kasese

Nyie wanaume mnaongea hewa, mimi naongea kaunta. Nimekaa kwenye kibanda cha pesa miaka kumi na moja. Hakuna mteja aliyeniambia anahama kwa sababu ya masafa.

Africell ilikuwa na bando za bei nafuu, hapa vijana wote walikuwa nayo. Lakini mtu akitaka kulipa karo, kupokea pesa ya kahawa, kumtumia mama kijijini, laini gani? Ile ile ya zamani. Pesa za simu zilianza hapa 2009 na aliyetangulia akafika kila kichochoro. Laini ya bei nafuu inakuwa ya YouTube, laini ya pesa ndiyo ya maisha. Mimi mwenyewe sikuweka floti, pesa ya kuhudumia wateja, ya kampuni ya tatu. Niweke ya nini, ilale? Na mimi nisipoweka, mteja haji, na mteja asipokuja, mimi siweki.

Mpeni huyo mgeni wenu ngoma na filimbi zote. Kama pesa haitoki kwenye laini yake kwenda kwa wengine kwa bei ile ile na hana mawakala, atafunga virago kama wenzake.

Mwanzisha mada, Mbale

Dada wa Kasese, umenibana. Nakubali kwamba nilikosea kudhani masafa peke yake yanaleta mtu wa tatu.

Lakini kuhusu kurudisha yasiyotumika sirudi nyuma. Rwanda walijaribu njia nyingine: 4G yote wakampa mjenzi mmoja, KT Rwanda Networks, auze kwa jumla na kampuni za simu ziuze rejareja. Minara ilifika karibu kila mahali, ila watumiaji hawakuja kwa kasi iliyotarajiwa, na ilipofika 2023 kampuni za simu zikaruhusiwa kuwasha 4G yao. Kwa hiyo mmoja tu haikutosha. Fundi, kama hutaki masafa yakatwe vipande vidogo, kanuni ya "tumia au rudisha" kwa wilaya ina ubaya gani? Redio za FM zinapewa masafa kwa eneo tangu zamani.

Mwalimu, Moroto

Nimesoma kimya, sasa mmetaja Karamoja, huku kwetu. Mnara upo, naona taa yake nyekundu kutoka darasani. Ukiuliza kwenye karatasi, hapa pamefunikwa, pameandikwa "inatumika". Ila unaendeshwa kwa jenereta, na mvua ikikata barabara mafuta hayafiki. Wiki iliyopita tulikaa siku tatu bila simu. Sasa mwanzisha mada, kwa kanuni yako, hayo ni masafa yanayotumika au yasiyotumika? Na nani atakuja huku kuhesabu hizo siku tatu?