Tununue darubini ya kuiangalia Vesta, au tuache?

Mwl_Newala: Wakuu, salama? Nafundisha fizikia sekondari huku Newala. Klabu ya sayansi tuna darubini ya mkono, ile 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za milimita 50). Vijana wamesoma kuwa Vesta, asteroidi (mwamba mkubwa unaolizunguka Jua), hujizungusha kwenye mhimili wake kwa saa 5 na dakika 20, sasa wanataka waione ikigeuka. Kuna jamaa Mtwara mjini anauza darubini yenye lenzi ya milimita 70. Hela ya korosho ipo. Tununue?

Msimbati_Usiku: Kwa kazi hiyo, hapana mwalimu. Vesta ina kipenyo cha kilomita 525 hivi, ila iko kule kati ya Mirihi na Mshtarii. Kwa milimita 70 utaona nukta. Kwa mliyo nayo, nukta ileile. Ikijigeuza kinachobadilika ni mwanga, tena kama asilimia 10 tu. Jicho halikamati. Hata wataalamu walibishana muda mrefu: ni saa 5 na dakika 20, au mara mbili yake? Mwanga ukipanda na kushuka, utajuaje ni upande uleule umerudi au ni wa pili?

Mwl_Newala: Duh. Niwaambie nini sasa?

Msimbati_Usiku: Wafuatilie safari yake ya kulizunguka Jua, miaka 3.63. Dunia ikiwa katikati yake na Jua, Vesta inang'aa kiasi kwamba wenye macho makali huiona bila kifaa, penye giza kama pale Shimo la Mungu. Chora nyota za jirani, tia nukta ya Vesta kwa penseli, rudia kila usiku mbingu zikiwa safi. Husogea karibu nusu ya upana wa mwezi kwa usiku. Na kipindi hicho inarudi nyuma, kuelekea magharibi! Hapo waache wabishane kwanza.

Kijana_Lindi: Samahani mkuu, kama mwaka wake ni 3.63, mbona programu inaonyesha itang'aa tena baada ya miezi 16 na nusu?

Msimbati_Usiku: Kwa sababu nasi tunakimbia. Wakimbiaji wawili pale uwanja wa Nangwanda Sijaona: mwenye kasi akimaliza raundi, mwenzie keshasogea mbele, lazima amfukuzie. Dunia inamaliza miezi 12, halafu minne na nusu ya kufukuzia.

Mama_Mikorosho: Masika msijisumbue, mtachora mawingu.

Mwl_Newala: Nimeelewa, hatununui. Ila mikono inatetemeka, nukta inacheza.

Mama_Mikorosho: Seremala awachongee stendi ya miguu mitatu. Hela itabaki.