Je, ni sawa kumtaka mwenye kiwewe akabili kile kinachomtisha?

Mkazi wa Tanga ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kwa wenye ujuzi. Mdogo wangu alinusurika katika ajali ya basi miezi minane iliyopita. Mifupa imeunga, lakini tangu siku hiyo hajapanda gari lolote. Kazini anakwenda kwa miguu, mwendo wa saa nzima na zaidi, na usiku huzinduka akiwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda. Sasa amempata mtaalamu wa saikolojia, ambaye katika kikao cha pili alimtaka aorodheshe mambo yote yanayomtisha kuhusu safari na kulipa kila jambo alama kati ya 0 na 100. Mlio wa breki ameupa 60, kuketi dirishani 85, kupita pale ilipotokea ajali 100. Ameambiwa kwamba watayakabili hayo moja baada ya jingine. Mama yetu amekataa katakata: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, iweje mtu amrudishe porini na kusema anamtibu? Mtaalamu mwenyewe ni mstaarabu, ila sijui njia hii ameitoa wapi, wala sijui nimuulize nini kuhusu mafunzo yake.

Mwanasaikolojia, Moshi:

Poleni sana. Orodha hiyo hakuibuni yeye. Chanzo chake ni kazi ya Joseph Wolpe, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915 na kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari katika jeshi la Afrika Kusini, akiwatibu askari waliokuwa na hali ambayo leo tunaiita kiwewe. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa dawa ya kuwalegeza ili wayaseme yaliyowasibu, kwa matumaini kwamba kuyasema tu kungewaponya. Wengi hawakupona, na kushindwa huko ndiko kulikomsukuma atafute njia nyingine.

Baada ya vita alifanya majaribio kwa paka waliotiwa hofu kwa mshtuko wa umeme hadi wakakataa kula ndani ya tundu lile. Majaribio hayo leo yangepingwa, na kwa haki. Aligundua kwamba paka akilishwa kwanza mbali, katika chumba kisichofanana na kile cha awali, kisha akasogezwa hatua kwa hatua, mwishowe hula ndani ya tundu lenyewe. Kwa binadamu alitumia ulegezaji wa misuli badala ya chakula, kwa hoja kwamba mwili hauwezi kutulia na kuogopa kwa wakati mmoja. Alama za 0 hadi 100 ni zake pia.

Aliyeiendeleza kazi hiyo kwa ajili ya kiwewe hasa ni Edna Foa, mwanasaikolojia mzaliwa wa Haifa aliyejifunza kwa Wolpe mjini Philadelphia. Katika tiba yake mgonjwa hulisimulia tukio kwa sauti, kwa kina, tena na tena, katika vikao vya dakika 90, kwa kawaida kati ya 8 na 15. Na nje ya vikao huyakaribia mambo salama anayoyakwepa. Neno "salama" nalisisitiza: kupanda gari linaloendeshwa kwa fujo si tiba. Methali ya mama ni ya kweli, lakini inaueleza ugonjwa wenyewe. Unyasi si nyoka, na mwili wa mdogo wako haujapata nafasi ya kulijua hilo, kwa sababu kila mara anaukimbia kabla hofu haijashuka.

Mama Dukani:

Mimi nimeipitia tiba hii baada ya kuvamiwa na majambazi dukani kwangu. Mshauri wa kwanza niliyemwendea alinitaka nisimulie yote siku ile ile, muda ukaisha, akaniaga. Wiki nzima sikupata usingizi. Wa pili alianza kwa kunieleza kwa nini nahisi ninavyohisi, akanifundisha kupumua taratibu, na kikao cha tatu ndipo nikasimulia nikiwa nimefumba macho huku simu ikirekodi. Nilitakiwa kuisikiliza rekodi hiyo nyumbani kila siku. Siku ya kwanza niliisikiliza nimeketi sakafuni, mgongo ukutani, nikaizima mara tatu. Siku ya tisa nilikuwa nikiisikiliza huku nachambua mchele, na hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwamba nilimsukuma mwanangu chini ya meza. Kwa miaka miwili nilikuwa nikijilaumu kwamba sikufanya lolote.

Msaidizi wa wakimbizi:

Kuhusu mafunzo, msitazame vyeti pekee. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz waliijaribu njia iliyo jamaa ya hiyo kwa wakimbizi 43 kutoka Sudan, na matokeo yakatoka mwaka 2004. Katika njia hiyo mtu hutandaza kamba iwe maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka jiwe penye tukio baya na ua penye tukio jema, kisha akayasimulia kwa mpangilio. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na ugonjwa miongoni mwa waliosimulia hivyo walikuwa asilimia 29, ilhali katika makundi mengine mawili walikuwa karibu asilimia 80. Baadaye wakimbizi wenyewe walifundishwa kutoa tiba hiyo, na ikafaa. Kwa hiyo muulizeni mtaalamu wenu alifundishwa na nani njia hii hasa, ni nani anayeisimamia kazi yake, na atafanya nini mgonjwa akizidiwa katikati ya kikao. Asipende kuulizwa, tafuteni mwingine.

Mkazi wa Tanga:

Nawashukuru sana. Nimemsomea mama majibu yote. Anauliza kama anaweza kuketi pembeni ya mdogo wangu siku atakapopanda basi lililosimama stendi.

Mwanasaikolojia, Moshi:

Anaweza, mtaalamu akiridhia, na kwa siku za mwanzo pekee. Baadaye ahamie kiti cha nyuma, kisha abaki stendi, la sivyo mdogo wako ataamini kwamba alisalimika kwa sababu ya mama.