Gofu: mikono inatetemeka tii ya kwanza (pale pa kuanzia kupiga), mnafanyaje?

Wakuu naombeni msaada. Handikapu yangu 16 (mikwaju ya ziada ninayopewa kwa mashimo 18), mazoezini niko vizuri tu, ila siku ya mashindano nikiitwa jina mikono inatetemeka hadi mpira unagoma kukaa juu ya kijiti, juzi nikapiga ukaingia majini, nikataka kufidia hapohapo kwa kupitisha juu ya miti, shimo la par 4 (la kumaliza kwa mikwaju 4) nikamaliza na mikwaju 9. Siku nzima ikaharibika.

Jibu 1
Pole sana mkuu. Kutetemeka ni kawaida tu, shida ni ule mkwaju wa hasira. Majini adhabu ni mkwaju 1, hizo nyingine umejiongezea mwenyewe. Na kwa handikapu 16 una karibu mkwaju mmoja wa ziada kila shimo, yaani bogi (mkwaju mmoja zaidi ya par) kwako ni kama par, rudisha mpira kwenye nyasi fupi uendelee.

Jibu 2
Mie draiva (fimbo ya kupiga mbali zaidi) siigusi shimo la kwanza, natoa haibridi (fimbo rahisi zaidi kuidhibiti), navuta pumzi naitoa taratibu mpaka mabega yashuke, ndo napiga.

Jibu 3
Muangalie Mfaransa Jean van de Velde, mashindano ya British Open 1999 pale Carnoustie, Scotland, kafika shimo la mwisho, la 18, anaongoza kwa mikwaju 3, hata mikwaju 6 ingempa kombe. Akatoa draiva, baadaye mpira ukaishia kijitoni, akamaliza kwa mikwaju 7, ikabidi mchujo wa kuamua mshindi, akashinda Paul Lawrie. Iliniuma sana ile.

Muuliza swali
Ahsanteni sana, jumamosi naanza na haibridi.