Leso nyekundu zaonekana damu ya mzee chini ya LED: kwantamu doti ni dawa?

Fundi_Makadara:
Asalaam aleikum wakuu. Kuna duka la leso mtaa wa Biashara, Mombasa, mita 4 kwa 3, dari nyeupe. Lina tyubu 6 za LED za futi 4, wati 18 kila moja, boksi limeandikwa 6500K (weupe unaoelekea buluu), Ra 80 (kipimo cha taa kuonyesha rangi sawasawa, kilele chake 100). Mwanga unatosha, ila leso nyekundu zaonekana damu ya mzee na za machungwa zimefifia. Wateja huzibeba hadi mlangoni kuzitazama juani. Mwenye duka ameona matangazo ya taa za kwantamu doti, chembe ndogo mno zinazogeuza rangi ya mwanga, ataka zifungwe. Mwengine amemwambia doti zenyewe huuzwa kwa chupa, zachanganywa na silikoni na kupakwa juu ya chipu zilizopo. Yawezekana? Na zitahimili joto na unyevu wa hapa?

Nuru_ya_Pwani:
Waaleikum salaam ndugu. Hizo tyubu ni chipu ya buluu, urefu wa wimbi la mwanga kama nanomita 450, iliyofunikwa fosfa ya njano, yaani unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano. Buluu na njano zikichanganyika jicho laona nyeupe, lakini nyekundu ndani yake ni haba, na kitambaa hakiwezi kurudisha rangi ambayo taa haikutoa. Ra nayo yaficha jambo hili: ni wastani wa rangi 8 zilizopauka. Nyekundu iliyokoza ni ya 9, huitwa R9, haimo kwenye hesabu. Taa ya Ra 80 yaweza kuwa na R9 ya sifuri au chini yake.

Dawa ya kawaida ni kuongeza fosfa nyekundu. Shida yake ni kwamba mwanga wake umetanda, na sehemu kubwa huangukia ng'ambo ya nanomita 650 ambako jicho halioni vizuri. Kwa nguvu ile ile, mwanga wa nanomita 630 huonekana mkali kama mara 2.5 ya ule wa 650. Hapa ndipo kwantamu doti zilipoleta faida ya kweli. Ni chembe za nanomita chache tu, na ukubwa wa chembe ndio unaoamua rangi: za selenidi ya kadimiamu huelekea buluu zikiwa na nanomita 2 hivi, huelekea nyekundu zikifika 6. Bendi yake, yaani upana wa rangi inayotoa, ni nyembamba, kwa hivyo fundi aipanga pale pale 620 au 630, wala haimwagi mwanga bure. Kazi ya doti hizo ndiyo iliyowapa wanasayansi Bawendi, Brus na Ekimov Nobeli ya kemia mwaka 2023.

Lakini doti nzuri kabisa bado hupoteza. Ukigeuza buluu ya 450 kuwa nyekundu ya 630, asilimia 29 hivi ya nishati hubaki kuwa joto, papo hapo juu ya chipu. Joto hilo, pamoja na oksijeni na unyevu, ndiyo maadui wake wakuu. Kwa kaskazi ya Mombasa usinunue taa ya doti ambayo mtengenezaji haelezi zimezibwaje, wala isiyotaja R9. Uliza pia kadimiamu, metali yenye sumu: sheria ya Ulaya huweka kikomo cha asilimia 0.01 kwa uzito. Zile za fosfidi ya indiamu hazina kadimiamu, ila bendi yake ni pana kidogo.

Kuna fosfa nyengine ya floridi yenye manganizi, hutoa nyekundu nyembamba karibu na 631. Kwa leso matokeo yake hukaribia sana ya doti. Mimi ningetazama R9 kabla ya jina la teknolojia.

MwanaElektroniki:
Hiyo ya chupa mwambie aache. Doti hufunikwa molekuli zinazozizuia kushikana, na nyingi zina kemikali za amini, thioli au fosfini. Hizo huua nguvu ya platinamu inayoigandisha silikoni ya LED, basi silikoni haigandi, yabaki kama ute. Hata ikiganda, doti huwa zimejikusanya mabonge na mwanga hupungua. Na asijaribu silikoni ya dirishani yenye harufu ya siki: asidi yake hula shaba.

Fundi_Makadara:
Shukran sana. Basi nikifunga utepe wa LED wa Ra 95 juu ya rafu, mita 5, nitumie volti ngapi? Na nitajuaje muuzaji hanidanganyi?

Nuru_ya_Pwani:
Volti 24. Utepe wa wati 14.4 kwa mita ni wati 72, yaani ampea 3. Kwa volti 12 zingekuwa 6 na mwisho wa utepe ungefifia. Draiva, kifaa cha kuulisha utepe umeme, iwe ya wati 100, iache na nafasi ya kupumua. Usiiweke juu ya dari chini ya mabati: kapasita zake hupoteza nusu ya umri kwa kila digrii 10 za joto zinazoongezeka. Utepe uubandike kwenye reli ya aluminiamu, si kwenye mbao. Maungio yachomwe risasi, kisha yafunikwe silikoni isiyo na asidi, maana vibano vya kubana tu huota kutu kwa hewa ya bahari. Chagua 4000K, R9 isipungue 50.

Kumpima muuzaji: chukua sidii kuukuu, itazame mwakisiko wa taa pembeni. Nyekundu ya doti au ya floridi hujitokeza kama mstari uliojitenga. Ya fosfa ya kawaida huyeyuka taratibu kutoka kwenye machungwa. Sidii haitakutofautishia doti na floridi. Halafu, saa nne asubuhi, kunja leso moja nyekundu, nusu iwe mlangoni kivulini, nusu chini ya taa.

MwanaElektroniki:
Na zile tyubu za 6500K zizimwe unapojaribu. Zikibaki zawaka, buluu yake itauzidi utepe na leso zitarudi kuwa damu ya mzee.