Tumeshinda nusu fainali ya chemsha bongo kwa pointi 5, sasa kuna malalamiko. Nifanyeje wakuu?

Mlezi2
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, tangu jana usingizi umekata.

Mimi ni mwalimu wa chuo kimoja cha kati, jina na mkoa naviacha. Nalea timu ya chemsha bongo, vijana wanne, kwenye mashindano ya vyuo yanayorekodiwa na kituo kimoja cha runinga. Juzi tulikuwa nusu fainali. Swali la kitufe ni pointi 10, lakini ukibonyeza kabla mtangazaji hajamaliza kusoma na ukakosea, unakatwa 5. Likabaki swali moja. Wenzetu 160, sisi 150. Mtangazaji akaanza: "Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulizaliwa mwaka 1964. Ni tarehe gani ya mwaka huo..." Paa! Wenzetu wamebonyeza. "26 Aprili!" Kumbe swali lilikuwa halijaisha: ni tarehe gani nchi ilibadilishwa jina ikaanza kuitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Wakakatwa 5, tukasomewa lote, nahodha wetu akajibu 29 Oktoba. Mchezo ukaisha 160 kwa 155. Nililia mbele ya kamera, sitanii.

Jana nikapigiwa simu: kuna malalamiko kuhusu mchezo wetu, nifike Ijumaa na timu nzima. Fainali inarekodiwa Jumamosi. Je, wana haki ya kutupokonya ushindi uliokwisha kutangazwa?

Kobe Mzee
Natia nanga hapa. Mwenye kashata apitishe.

Mjuba wa Bara
Mmebebwa. Tanzania imezaliwa 26 Aprili, mpaka tunapewa mapumziko siku hiyo. Hiyo Oktoba umeitoa wapi?

Pwani Kongwe
Mjuba, shule ulifuata uji? Tarehe 26 Aprili ilizaliwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina hilo refu lilitumika miezi sita, 29 Oktoba ndiyo likaja Tanzania. Huo ni mtego wa siku nyingi, sawa na ule wa 9 Desemba: uhuru 1961, jamhuri 1962, tarehe ile ile. Mtu mwenye pupa anaingia mzima mzima.

Fundi Waya
Mnabishania historia wakati tatizo ni vitufe. Nimewahi kufunga mfumo kama huo kwenye ukumbi wa shule. Vitufe vinafungiana: wa kwanza kubonyeza anawasha taa yake na kuwakatia wengine umeme, kwa hiyo hata mkipishana kufumba na kufumbua, taa inawaka moja. Lakini kitufe kikichoka, kinashika kabla kidole hakijakandamiza sawasawa. Mwalimu, vile vilikuwa vya kugonga kwa kiganja au vya kidole?

Mlezi2
Vya kiganja, mkuu. Ila si hoja.

Babu Kijiweni
Umenikumbusha 1988. Chemsha bongo mbele ya mkuu wa wilaya, naulizwa ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika. Mimi mtoto wa Mwanza, nimeogelea Victoria toka sijui kuvaa suruali, nikasema Victoria kwa sauti ya kizalendo. Ukumbi mzima kicheko. Ni Tanganyika bwana, mita 1,470, duniani linapitwa na Baikal peke yake. Victoria halifiki hata mita 100. Binti wa timu pinzani ndiye aliyejibu. Ndiye mama watoto wangu leo, na kila nikibisha bei ya sato sokoni ananitajia ile 1,470 mbele ya wauzaji.

Dada Mkuu
Mwalimu shikamoo. Nimesoma uzi wako mara mbili. Hujasema wanalalamikia nini.

Mlezi2
Marahaba. Sijaambiwa. Ni wivu tu wa kufungwa kwa pointi 5, chuo chao kikubwa, chetu cha juzi.

Dada Mkuu
Wivu wa mwenzio haukukoseshi usingizi wewe. Kati ya wale wanne, nani ana tatizo?

Kobe Mzee
Aisee. Mezeni kashata.

Mlezi2
Sawa, nitasema, ila msinirukie.

Nahodha, huyo aliyejibu 29 Oktoba, amemaliza stashahada Julai. Raundi ya kwanza tulirekodi Mei, alikuwa mwanafunzi halali kabisa. Waandaaji ndio waliochelewesha raundi zilizofuata. Sasa hivi yuko kwenye kibanda cha uwakala wa pesa, ameajiriwa. Lakini wakuu tuangalie kwa haki: mahafali bado, cheti hajachukua, na maktaba inamdai vitabu viwili. Mtu anayedaiwa na maktaba ya chuo si wa chuo? Na nimeshamwambia Jumamosi aje na kitambulisho kile kile. Fulana nne zimeshachapwa majina, siwezi kuzichapa upya. Fomu ya nusu fainali nimesaini mwenyewe kwamba wote wanasoma.

Mjuba wa Bara
MAMLUKI! Na ulivyoanza kwa upole vile!

Kobe Mzee
Hii ni UMISSETA tupu, ile michezo ya sekondari. Beki ana ndevu, ana watoto wawili, nyumbani kaacha deni la saruji, ukiuliza unaambiwa yuko kidato cha tatu.

Otis wa Kisumu
Hata huku Kenya ni vivyo hivyo, jamaa alimaliza fomu foo kitambo lakini kila mwaka yuko uwanjani na sare imembana. Tofauti ni kwamba kwa mpira ataumia goti mtamtoa. Kwa maswali mtamtoa aje?

Mzee wa Kanisa
Mwalimu, watoto hawajifunzi unachoandika ubaoni, wanajifunza unachosaini. Umesaini uongo. Ijumaa nenda mapema, sema mwenyewe kabla hujaulizwa, mtoe huyo kijana mwingize wa akiba. Mkifungwa fainali mmefungwa kihalali.

Mlezi2
Mzee nakuheshimu. Wa akiba ninaye, ila hajui hata mto Rufiji unamwaga maji bahari gani. Na huyu kijana wangu hakuiba jibu, alilijua! Wao ndio walibonyeza kwa pupa. Wangekaa kimya sekunde tatu tu, wangeshinda.

Karafuu Mbichi
Mtoe hofu, walau hakuna aliyekohoa. Uingereza 2001, Meja Charles Ingram alichukua pauni milioni moja kwenye Who Wants to Be a Millionaire?, ikaja kudaiwa kuna mshiriki nyuma yake alikuwa anakohoa jibu sahihi likitajwa. Hundi ikazuiwa, na 2003 mahakama ikawatia hatiani. Mwalimu, kijana wako ana mafua?

Chungwa Doto
Samahani niwaharibie kijiwe. Hii ni CHAI, hadithi ya kutunga, na wala haijachemshwa hapa.

Uingereza kuna University Challenge, vyuo vinashindana, swali la kuanzia pointi 10, ukikatisha na ukakosea unakatwa 5. Sawasawa na sheria za mwalimu. Fainali ya 2009, Corpus Christi ya Oxford iliwafunga Manchester 275 kwa 190. Baadaye ikagundulika mmoja wa Corpus alikuwa amemaliza chuo na yuko kazini wakati raundi za mwisho zinarekodiwa, maana urekodi ulivuka mwaka wa masomo. Wakavuliwa ubingwa, Manchester wakapewa. Sasa soma tena uzi. Mleta mada kawavalisha Corpus Christi fulana na kuwapeleka kibanda cha wakala.

Mjuba wa Bara
Halafu ID imefunguliwa jana. Sukari vijiko vinne.

Kobe Mzee
Babu Kijiweni katoa mpaka siri za ndoa kwa ajili ya hadithi ya Oxford. Poleni sana.

Babu Kijiweni
Yangu ni ya kweli. Kamuulizeni mama.

Mlezi2
Jamani mimi 2009 nilikuwa kidato cha pili, sijui Oxford wala Manchester zaidi ya ile ya mpira. ID mpya kwa sababu ya zamani walimu wenzangu wanaijua. Sheria za pointi wanaigana wenyewe kwa wenyewe, mimi nisingiziwe kwanini?

Ila Chungwa, hao walipokonywa kweli? Wakati walikuwa mbele kwa pointi 85? Hawakupewa hata nafasi ya kurudia mchezo?

Chungwa Doto
Hawakupewa. Na chai yako bado naiona ina tangawizi.

Dada Mkuu
Iwe chai, iwe uji, Ijumaa iko palepale. Mwalimu, kijana mwenyewe anasemaje?

Mlezi2
Alikataa kucheza nusu fainali. Nilimbembeleza.

Pwani Kongwe
Lo.

Meza ya Pili
Shikamoo Mwalimu. Nimetumiwa uzi huu kwenye kundi letu. Mimi ndiye niliyesema 26 Aprili.

Sisi hatukupeleka malalamiko ya mamluki, hatukujua habari hiyo. Tulilalamikia kitufe chetu. Nilikuwa nimeweka kiganja juu yake tu, nasubiri amalize kusoma, taa ikawaka yenyewe, nikaambiwa nijibu. Tuliomba swali lile lirudiwe timu zote zikiwepo, basi. Ndiyo maana mmeitwa.

Kobe Mzee
😳

Karafuu Mbichi
Subirini kwanza. Huyu naye kajiunga leo. Mlezi2, ni wewe tena umebadilisha shati?

Mlezi2
Mods, naomba mfute uzi huu. Tafadhalini. Leo.

Mjuba wa Bara
Umechelewa mwalimu wangu. Nimepiga picha skrini zote, mpaka ile ya maktaba.

Fundi Waya
NILISEMA MIMI! Kitufe! Dogo wa Meza ya Pili, hebu niambie, baada ya wewe kuondoa kiganja taa ilizimika hapo hapo, au iliendelea kuwaka kidogo?