Kagongwa kwenye zebra, mwenye gari anataka asaini karatasi ya laki nane. Asaini?

mkazi_buguruni:
Wakuu, naomba msaada kwa wenye uelewa wa sheria. Mdogo wangu wa kike aligongwa na pikapu wiki tano zilizopita akivuka kwenye zebra, Barabara ya Mandela. Mfupa wa muundi umevunjika, amewekewa chuma. PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) tunayo. Dereva alikiri kosa mahakamani na amelipa faini. Sasa mwenye gari anatoa laki nane, ila anataka binti asaini kuwa hatadai chochote tena. Anadai pia binti alikuwa anaongea na simu, eti bima haiwezi kumlipa. Faini ikishalipwa ndiyo basi?

hoja_na_hati:
Asisaini. Faini ile imekwenda serikalini, haihusiani na mguu wa mdogo wako. Kesi ya trafiki ni jinai; fidia ni madai, na ina njia yake. Ana miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua shauri, kwa hiyo hakuna anayepaswa kumharakisha.

Hiyo kesi iliyokwisha ni mtaji mkubwa kwenu. Nendeni kwa karani wa mahakama mkaombe nakala iliyothibitishwa ya mwenendo na hukumu. Kwa Sheria ya Ushahidi, muda wa rufaa ukishapita, hukumu ya jinai inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba dereva alitenda kosa lile. Hawezi kuja kwenye madai akasema hakukosea.

Mshitakini dereva pamoja na mwenye gari. Dereva akiwa kazini kwa bosi wake, bosi anawajibika kwa uzembe huo. Watu wengi humshitaki dereva peke yake, wanashinda, kisha wanakuta hana hata kiti cha kukamata.

bima_ndogo:
Upande wa bima: hakikini namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya serikali inayosimamia bima), mtaona kampuni gani ilitoa bima na kama ilikuwa hai siku ya ajali. Hata bima ndogo inatosha, kazi yake hasa ni kumlinda mtu wa tatu kama huyo binti.

Andikeni barua ya madai kwa kampuni hiyo KABLA ya kufungua kesi, na mbaki na nakala yenye muhuri wao wa kupokea. Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inaibana bima kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, lakini lazima iwe ilipewa taarifa ya kesi. Hapo ndipo madai mengi mazuri hufia. Ambatanisheni PF3, PF90 (ripoti ya polisi ya ajali), mchoro wa eneo la ajali, nakala ya hukumu, ripoti ya daktari na risiti. PF90 na mchoro vinafuatiliwa kituo cha polisi kilichopima ajali. Kampuni ya bima ikizungusha, pelekeni malalamiko TIRA kwa maandishi.

mchoro_wa_trafiki:
Kuhusu simu: haifuti madai. Mahakama ikiona naye alichangia, inapunguza fidia kwa kiasi cha mchango wake. Angalieni kwenye mchoro pointi ya mgongano iko umbali gani kutoka zebra. Ikiwa ndani ya mistari, hoja ya simu inabaki dhaifu, maana dereva anatakiwa kumpisha aliyekwisha kuingia kwenye kivuko. Ikiwa mita kadhaa nje, jiandaeni kwa mabishano. Tafuteni pia namba za mashahidi leo hii. Kama kuna sheli au duka lenye kamera karibu, ulizeni sasa, kwa sababu picha mpya huandikwa juu ya za zamani. Wiki tano ni nyingi.

mkazi_buguruni:
Asanteni sana wakuu. Na kama bima ilikuwa imeisha? Halafu tudai kiasi gani?

hoja_na_hati:
Ikiwa imeisha, dereva na mwenye gari wanalipa kutoka mfukoni, na kuendesha bila bima ni kosa jingine la jinai. Pikapu yenyewe ni mali inayoweza kukamatwa kutekeleza hukumu.

Kiasi msikitaje bado. Gharama halisi (dawa, nauli za bajaji kwenda kliniki, magongo, mshahara uliokatika) hulipwa kwa risiti, bila karatasi haihesabiki. Za bajaji mwambieni dereva aandike na kusaini kila safari. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na mahakama, ikitegemea sana asilimia ya ulemavu wa kudumu atakayoandika daktari. Asilimia hiyo isiandikwe mfupa ukiwa haujaunga. Na mwombeni daktari aandike kama chuma kitatolewa baadaye na upasuaji huo utagharimu kiasi gani. Laki nane imetolewa bila kuhesabu hilo.